Nani Anashika Nywila ya Mradi?

Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliipa kampuni ya Trant Engineering kazi ya kujenga kituo cha kufua umeme katika Visiwa vya Falkland, mradi wa takriban pauni milioni 55. Trant ikaikabidhi Mott MacDonald usanifu, pamoja na usimamizi wa BIM, yaani modeli ya kidijiti yenye michoro, vipimo na taarifa za jengo zima. Data yote iliwekwa katika mfumo wa ProjectWise, na Mott MacDonald ndiyo iliyodhibiti nywila.

Malipo yakazua mgogoro. Mott MacDonald, mshauri wa usanifu, ikasimamisha kazi, ikafuta nywila za Trant, mkandarasi. Mkataba wenyewe haukuwa umetiwa saini, na kila upande ulishikilia masharti yake.

Mwaka 2017 Trant iliomba amri ya muda Mahakama Kuu. Jaji Finola O'Farrell hakuamua nani anamdai nani, hilo lingesubiri. Alipima kama kuna hoja ya msingi ya kusikilizwa, kama fidia ya fedha ingetosha, na ni njia ipi ingehatarisha haki kidogo zaidi. Kwa kuwa amri iliyoombwa ilikuwa ya kumshurutisha mtu kutenda, alitaka pia kuwa na imani kubwa kwamba mwombaji angeithibitisha haki yake. Akaridhika: bila data ya usanifu mradi usingesonga, na hasara ya namna hiyo hailipiki kirahisi kwa fedha. Akaamuru Trant irudishiwe data, nayo iweke fedha mahakamani.

Kiini cha shauri hili ni umbali kati ya haki na uwezo. Hakimiliki ya usanifu inaweza kubaki kwa mshauri, na mkandarasi akapewa leseni ya kuutumia. Enzi za karatasi leseni hiyo ilikuwa na nguvu yenyewe, kwa sababu nakala za michoro zilikuwa tayari kwenye kabati la mkandarasi. Data ikikaa kwenye seva ya mmoja wao, leseni hainufaishi kitu mpaka mwenye seva aridhie.

Mshauri naye ana hoja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1996 kuhusu mikataba ya ujenzi inamruhusu asiyelipwa asimamishe kazi baada ya kutoa notisi. Ila kuacha kuchora michoro mipya ni jambo moja, na kufungia iliyokwisha kukabidhiwa ni jambo jingine. Mkataba unapaswa kutenganisha mambo hayo mawili kwa maneno bayana.

Basi kabla modeli haijafunguliwa, andikeni nani atatunza seva, leseni itakuwaje malipo yakigombewa, na kipi kitatangulia modeli na michoro vikipingana. Mkandarasi apakue nakala yake kila hatua ya usanifu inapokabidhiwa. Na mkataba utiwe saini kwanza, nywila zigawiwe baadaye.