Heko, Waendesha Baiskeli wa Busia

Mgeni anayeshuka Busia kwa mara ya kwanza hukuta miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Kenya, mwingine wa Uganda. Malori yamepanga foleni, wabadilisha fedha wanaita wateja, harufu ya omena inatoka sokoni. Sikujua pa kuanzia. Aliyeniokoa ni mzee wa baiskeli. Alipangusa kiti cha nyuma kwa kiganja, akasema, “Mulembe, mgeni. Panda twende.”

Neno bodaboda linasemekana kuzaliwa hapa, miaka ya 1960, waendeshaji walipowavusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka wakiita, “Boda! Boda!” Leo pikipiki zimelisambaza jina hilo Afrika Mashariki nzima. Lakini chanzo chake ni miguu ya watu hawa.

Mzee wangu alinyonga pedali taratibu, akinitajia kila kichochoro kama anayetaja wanawe. Kazi hii imesomesha watoto na kuunganisha ndugu waliotenganishwa na mstari wa ramani. Wazee wetu, mmetufungulia njia.