Kugawa Kabla ya Kujaza

Yuko fundi mmoja wa kompyuta pale Kariakoo, mtu wa makamo, asiyeshika bisibisi kabla hajamhoji mwenye mashine. Nilimkuta akiwa na kijana wa chuo aliyeleta laptopu kuukuu na hadidiski mpya, bado imo ndani ya mfuko wake wa kijivu.

"Fundi, nipigie Windows tu, niwahi."

"Kazi zako za chuo unaziweka wapi, mwanangu?"

"Humo humo."

"Na picha za nyumbani?"

"Humo humo."

"Na Windows ikifa?"

Kijana akacheka, akidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Fundi aliwasha mashine kwa flashi yenye Linux, akaita fdisk, programu kongwe isiyo na picha wala madoido, akaanza kugawa: sehemu ya mfumo, sehemu ya kazi, na sehemu ya tatu ya picha na vyeti. Kila sehemu aliikadiria baada ya swali. Unapiga picha nyingi? Video je? Utakaa na mashine hii mpaka umalize chuo?

Ninachokipenda zaidi katika kazi hii ni kwamba muda wote huo diski haijaguswa. Mipaka unayoichora ndani ya fdisk hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine. Chora, futa, chora tena; diski haina habari. Ukibonyeza q unatoka, na kila kitu kiko kama ulivyokikuta. Ni herufi w peke yake inayoandika, na ikishaandika, imeandika.

Fundi yule hakuikimbilia w. Alibonyeza p, jedwali likajitokeza, akalisoma mstari kwa mstari huku kidole kikitembea juu ya kioo: inapoanza, inapoishia, ukubwa wake. Akamsomea na kijana. Akanyamaza kidogo, kisha akasoma tena. Mteja aliyekuwa nyuma yangu aliguna kwa kuchoka. Mimi nilikuwa natazama ufundi wenyewe, maana vidole vya kubonyeza kila mtu anavyo. Anayejua kungoja kabla ya kubonyeza ndiye haba.

Waliotutangulia waliithamini subira hiyo hata ndani ya programu zao. FDISK ya mfumo wa zamani wa DOS, katika matoleo yake ya baadaye, haikukuruhusu kufuta sehemu yenye jina mpaka uliandike jina hilo kwa mkono wako mwenyewe. Hukuweza kuua usichokijua.

Tena enzi zile shida ndiyo iliyokuwa mwalimu. Kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuja na diski ya megabaiti 10. Diski zilipokua, mfumo wa FAT16 uliotumiwa na DOS haukuweza kushika sehemu moja iliyozidi gigabaiti 2, hivyo mwenye diski ya gigabaiti 6 aliikata vipande vitatu, apende asipende. Akilazimika kukata, alilazimika pia kufikiri: C iwe ya nini, D iwe ya nini.

Na mipaka yenyewe ni kitu cha ajabu. Jedwali la zamani lilikaa katika sekta ya kwanza ya diski, sekta ya baiti 512, na lenyewe lilichukua baiti 64 tu: nafasi nne, baiti 16 kila moja. Ndani ya diski hakuna ukuta. Sahani zake zinang'aa sawasawa kote. Mpaka ni makubaliano, kama masale yanayopandwa kati ya kihamba na kihamba, yaani shamba na shamba, kule Kilimanjaro: mmea hauzuii mguu, mguu huzuiwa na heshima. Jedwali likiharibika, data haijaondoka, ila hakuna ajuaye ya nani inaanzia wapi. Ndiyo maana jedwali la kisasa, GPT, huweka nakala yake ya pili mwishoni kabisa mwa diski.

Kugawa hakumkingi mtu na kila balaa. Diski ikifa, sehemu zote hufa pamoja, na fundi alimwambia kijana anunue diski nyingine ya nakala. Lakini mfumo huharibika mara nyingi kuliko diski, na aliyegawa hufuta sehemu moja, akapiga Windows upya, picha zake zisijue kilichotokea.

Leo ni nani anayehoji? Katika vibanda vingi mashine hupokelewa, hufutwa, hurudishwa saa ile ile, na mtu hugundua akiwa nyumbani kwamba sauti ya marehemu mama yake imekwenda na virusi. Baadhi ya laptopu mpya zina hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi, hata bisibisi haina la kufanya.

Linaloniuma zaidi ni hili: waliotengeneza mashine hizo hawajaacha kugawa. Itazame diski ya laptopu mpya yenye Windows. Utakuta sehemu ndogo ya kuwashia na sehemu iliyofichwa ya kuurejesha mfumo ukiugua. Mfumo umejitengea pake, ukajiwekea na akiba. Aliyeachiwa lundo moja, kazi na vyeti na picha za wafu wake humo humo, ni mwenye mashine, na hakuna aliyemuuliza kama ndivyo alivyotaka.