Fisi wa Uzi

Wengi wetu Afrika Mashariki tumeijua kroshia ikiwa imelala. Imelala kwenye mgongo wa kochi, juu ya meza ya kioo, juu ya redio ya mbao na baadaye juu ya runinga. Nyeupe, imepigwa pasi, mara nyingine imetiwa wanga ili ncha zake zisijikunje. Ilipopewa kazi nyingine ilifunika jagi la maziwa, na shanga zilizotungwa pembeni zikaizuia isipeperuke. Vitambaa vile vilikuwa vizuri na mpaka leo navipenda. Lakini ufundi wenyewe unaweza zaidi ya kulala, na mimi uwezo wake nauona wazi kabisa kwenye kikapu: kikapu cha kuwekea vitu nyumbani, kilichofumwa kwa uzi mnene na sindano moja yenye kulabu, kikapewa masikio, pua na macho ya mnyama.

Mnyama wangu ni fisi. Wafumaji wengi humchagua sungura, paka, dubu au bundi, na hakuna ubaya. Ila kwa kikapu, nasema fisi ndiye mwenye haki ya kwanza. Katika hadithi zetu nani mwingine ana tumbo lisilojaa? Mtoto aliyekwisha kusikia habari za fisi aliyefika njia panda, harufu ya nyama ikamjia pande zote mbili, naye akazitaka njia zote mbili kwa pamoja mpaka akapasuka msamba, hana haja ya kuelezwa kikapu hiki ni cha nini. Fisi kazi yake kula. Basi atamlisha magari ya plastiki, matofali ya kujengea, mpira, soksi iliyopotewa na mwenzake. Ile kazi ya kuokota midoli, ambayo kila jioni huzusha kilio, inageuka kuwa kulisha, na hakuna mtoto anayekataa kulisha mnyama.

Fisi huyu, kama vikapu vingi vya mviringo, huanzia kitovuni. Kiondo pia huanzia katikati ya kitako, kamba zikipishana na nyingine zikiongezwa kadiri kinavyotanuka. Kwenye kroshia kuna kitanzi kimoja kinachoweza kukazwa, na ndani yake mishono mifupi 6. Mzunguko wa pili, kila mshono unapewa miwili: 12. Wa tatu unaongeza kwenye kila mshono wa pili: 18. Wa nne kwenye kila wa tatu: 24. Hivyo hivyo, 30, 36, 42, 48, 54, mpaka mzunguko wa kumi unapofunga na mishono 60. Kila mara imeongezeka 6, si 5 wala 8.

Hesabu hii hainichoshi kuitafakari. Duara lolote ukilitanua kwa hatua moja kutoka katikati, ukingo wake hurefuka kwa hatua sita na kitu. Halijali ukubwa, liwe la sahani au la uwanja wa mpira, ni zile zile sita na kitu. Mshono mfupi nao una kimo kinachokaribiana na upana wake. Ndiyo maana mishono 6 kwa mzunguko inatosha kukilaza kitako sakafuni bila mkunjo. Ukiongeza 4, ukingo unabanwa na kitako kinainuka kama bakuli. Ukiongeza 10, ukingo unakosa pa kwenda na unaanza kupiga mawimbi kama pindo la gauni la harusi. Mkono unayahisi haya kabla macho hayajayaona: kazi inagoma kulala juu ya goti.

Mawimbi hayo hayo yalimpa kazi Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Kuna jiometria ambamo nafasi hutanuka haraka kuliko kwenye meza bapa, na waalimu walikuwa wakiionyesha kwa vielelezo vya karatasi vilivyochanika upesi. Mwaka 1997 alichukua sindano ya kroshia, akaongeza mishono kwa kiwango kile kile mstari baada ya mstari, akapata kielelezo ambacho mwanafunzi angeweza kukishika, kukikunja na kukipitisha kwa mwenzake. Napenda kwamba jibu lilitoka kwenye ufundi unaohesabu kwa vidole. Anayefuma kikapu na anayefundisha jiometria wanashughulika na kitu kimoja, tofauti ni kwamba mwenye kikapu anataka kitako chake kilale.

Kisha unaacha kuongeza, na ukuta unaanza. Mizunguko yote inayofuata ni ya mishono 60 tu, na kwa kuwa nafasi ya kutanuka imekwisha, kazi haina budi kupanda. Hakuna anayeusimamisha ukuta wa kikapu kwa mkono. Ukitaka kona iwe kali, mzunguko wa kwanza wa ukuta uufume kwa kushika uzi wa nyuma tu wa kila mshono. Ule wa mbele ulioachwa utabaki kama mstari ulionyooka kuzunguka kitako. Kitako cha mizunguko 10 kina mishono 330. Ukuta wa mizunguko 18 una mishono 1,080. Jumla 1,410, na fisi bado hana uso.

Uzi gani? Upo wa pamba mnene wa madukani, na ni mzuri, ila kwa fisi natetea fulana za mitumba. Chagua fulana isiyo na mshono ubavuni. Kata pindo la chini utupe, kisha kata ukanda wa sentimita mbili na nusu ukizunguka kiwiliwili bila kukoma, kama anayemenya chungwa kwa ganda moja, mpaka ufike kwapani. Fulana yenye mzunguko wa mita 1 na kimo cha sentimita 40 hapo chini ya kwapa itakupa ukanda wa mita 16 hivi. Sasa uvute. Kitambaa cha fulana kikivutwa, kingo zake hujikunja zenyewe kwa ndani, na ule ukanda bapa unageuka kamba ya mviringo, laini, isiyonyuzika. Mikono ya fulana usiitupe, itatafutwa baadaye. Na zile rangi zilizofifia ambazo hakuna mnunuzi anayezitaka, kaki iliyopauka, kahawia ya maji ya chai, manjano iliyochoka na jua, ndizo hasa rangi za manyoya ya fisi. Sijaona duka la uzi linalozipata sawasawa.

Sindano iwe milimita 8 au 10, na mkono uwe mgumu. Hapa kroshia ya kikapu inaachana kabisa na ile ya vitambaa. Kitambaa hutaka mianya, kinapendeza kwa sababu ya hewa iliyomo. Kikapu kinataka mishono iliyobanana kiasi kwamba kidole cha mtoto kisipite, la sivyo ukuta utalegea ukijazwa na fisi ataonekana mgonjwa. Vidole vitauma. Pumzika.

Ipo sifa moja ya kroshia ambayo sioni ikisemwa vya kutosha. Mfumaji wa sweta kwa sindano mbili ana vitanzi vingi vilivyo wazi kwa wakati mmoja, na sindano ikichomoka vyote viko hatarini. Kwenye kroshia kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Chote kilichokwisha kufumwa kimejifunga. Kwa hiyo kazi hii inaweza kukatizwa wakati wowote: mteja amefika gengeni, jina limeitwa kwenye foleni ya zahanati, basi limefika kituo. Unakivuta kile kitanzi kirefu kidogo ili kisiteleze, unaitia kazi mfukoni, unainuka. Na ukiona mzunguko umeharibika, unavuta uzi na mishono inafumuka mmoja mmoja, kuanzia wa mwisho kufumwa kurudi nyuma, mpaka pale palipokuwa pazuri. Uzi unabaki mzima. Seremala akikata ubao mfupi hana pa kurudi. Mfumaji anarudi apendavyo. Naamini ndiyo sababu ufundi huu umekaa mikononi mwa watu ambao muda wao si wao wenyewe, akina mama zaidi ya wote.

Sasa uso. Mishono inayofumwa kwa mzunguko usiokatika haipandi wima. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kila mshono hukaa umeegemea kidogo kulia kwa ule wa chini yake, na baada ya mizunguko 18 mwegemeo huo umeshakuwa wa kuonekana. Usipange pua kwa kuhesabu kutoka chini, kwa sababu katikati ya chini na katikati ya juu hazitazamani. Maliza ukuta kwanza, simamisha kikapu mezani, kaa mbele yake, chagua upande ulio mzuri zaidi. Huo ndio uso. Bandika vipande kwa pini na urudi nyuma uvitazame kabla ya kushona.

Fisi madoa ana masikio ya mviringo. Yule mwenye milia ndiye mwenye masikio yaliyochongoka. Mviringo ni zawadi kwa mfumaji. Fuma duara la mishono 24, likunje katikati, nalo ni sikio, nene, linalosimama lenyewe. Pua na mdomo ni duara la mishono 30 la kahawia iliyokaribia weusi, likifuatwa na mizunguko miwili isiyoongezwa ili liwe kama kikombe. Hapo ndipo ile mikono ya fulana inapokatwakatwa na kujazwa ndani. Macho yatariziwe kwa uzi. Macho ya plastiki yanang'aa na yanavutia, lakini mtoto aliye chini ya miaka mitatu huonja kila kitu, na jicho likichomoka ni la kumsonga. Madoa yafumwe kama viduara vya mishono 6 na vingine 12, kwa kahawia mbalimbali, yashonwe bila mpangilio na yasilingane. Fisi wa kweli hana doa linalofanana na lingine, na kikapu chenye madoa yaliyopangwa kwa mistari hakina uhai.

Ajabu yenyewe iko hapa. Kabla ya masikio, kitu kilicho mezani ni chombo. Shona sikio moja, bado ni chombo. Shona la pili, uweke pua na macho, na watu wa nyumbani wanaanza kumsemesha. Vipande vitano vya uzi vimetosha. Wajapani, ambao wanyama wao wadogo wa kroshia wameenea duniani kwa jina la amigurumi, wanalielewa jambo hili vizuri: wanapunguza uso mpaka wabaki na vichache visivyoweza kutolewa, na umbali kati ya jicho na jicho ndio unaoamua kila kitu. Macho yakikaa mbali na chini, karibu na pua, mnyama anakuwa mtoto. Yakikaa juu na karibukaribu, anakuwa mkali. Fisi wangu nayataka yawe mbali. Ameonewa vya kutosha hadithini.

Kuhusu bei nina neno. Sweta na fulana hufumwa na mashine usiku na mchana, lakini kroshia ya kweli bado haina mashine yake viwandani. Kila kipande ulichokiona dukani, hata kofia ya bei ya kutupa, kimepita mshono kwa mshono mikononi mwa mtu. Mfumaji wa mishono 10 kwa dakika, asiyeinua kichwa, atatumia saa mbili na dakika 21 kwa kitako na ukuta peke yake; bado kukata fulana, bado masikio, pua, macho na madoa. Halafu mnunuzi anakigeuza kikapu, anasema huu ni uzi mtupu, anataja bei ya ndoo ya plastiki. Naumia kila ninaposikia hivyo. Ufundi huu umewahi kubeba familia nzima nzima. Ayalandi, viazi vilipooza kuanzia mwaka 1845 na njaa ikaua watu kwa mamia ya maelfu, watawa na wake wa wachungaji walifundisha kroshia ili nyumba zipate chochote. Katika mji wa Clones, Cassandra Hand aliianzisha mwaka 1847, na mji huo mpaka leo unajulikana kwa lesi yake. Waliofuma lesi ile walikuwa wakinunua chakula. Wanaofuma leo nao wananunua chakula, na wanastahili malipo yanayolingana na saa zao.

Baada ya fisi, namwazia kiboko, wa kuwekea viatu mlangoni. Huyu ni mrefu, kwa hiyo hawezi kuanza na kitanzi. Ataanza na cheni ya mishono 20. Unafuma upande mmoja wa cheni, ukifika mwisho unatia mishono mitatu kwenye tundu moja, unageuka, unarudi kwa upande wa pili wa cheni ile ile, na mwisho mwingine unapewa mitatu yake. Kuanzia hapo unaongeza nchani tu, mishono 3 huku na 3 kule, pande zilizonyooka haziguswi. Jumla ni ile ile 6, maana zile ncha mbili ukiziunganisha unapata duara moja. Mfuniko utakuwa taya la juu, umeshikizwa kwa nyuma, na meno yatatoka kwenye fulana nyeupe. Kazi kubwa ni kulifanya taya libaki wazi bila kuanguka mtoto anapoingiza ndala. Nitajaribu kufuma mzunguko wa mwisho juu ya waya mnene, mishono ikiuzunguka waya mpaka usionekane, na ncha zake zipindwe ndani kabisa zisije zikamchoma mtu.