Sakinisha si sajili: Kiswahili cha programu kinapotuacha njiani

MIONGONI mwa maneno ambayo Kiswahili cha teknolojia kimetupa, ‘sakinisha’ ndilo ninalolipenda zaidi. Limenyambuliwa kutoka kwa ‘sakini’, kitenzi chenye asili ya Kiarabu kinachomaanisha kukaa au kuishi mahali, na ni ndugu wa ‘maskani’. Ukisakinisha programu, unaipa makao ndani ya kompyuta. (Naandika ‘kompyuta’ kwa makusudi, wenye ‘tarakilishi’ waniwie radhi.) Tatizo, mpenzi msomaji, ni maneno yanayofuata baada ya hilo.

Chukua mfano wa mji wa Isiolo, ambako Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana na Msamburu hukutana sokoni kwa Kiswahili. Mwalimu aliyenunua kompyuta ya kutumia nyumbani hamwambii fundi ‘nisakinishie’. Humwambia, ‘Niwekee Office,’ na fundi hujibu, ‘Ngoja nikuinstolie.’ Siwalaumu. ‘Weka’ ni neno zuri na linaeleweka hadi Moyale. Ila hapo matendo matatu yamefungwa katika furushi moja.

Kusakinisha ni kuingiza programu katika mashine. Kusajili ni kuandikisha jina au barua pepe ya mwenye programu. Kuamilisha ni programu kuthibitisha kwa mtengenezaji kwamba leseni ni halali. Kwa Microsoft Office inayouzwa kwa namba, hiyo ni namba ya herufi na tarakimu 25. Fundi mwenye haraka huyamaliza yote kwa barua pepe yake mwenyewe. Programu inafanya kazi, mwalimu analipa, anaenda zake. Siku kompyuta ikiharibika na programu ikahitaji kuwekwa upya, fundi keshabadilisha namba ya simu na leseni iko kwa jina lake. Bila kuamilishwa, hati itafunguka usome, lakini hatimaye itakataa kuhaririwa. Ripoti za muhula mzima zimo humo! Ingetosha kumwambia fundi, ‘Weka, lakini barua pepe niandike mwenyewe.’

Je, Kiswahili kilichoko kwenye skrini kingemsaidia mwalimu huyu? Mahali pengine, ndiyo. ‘Ghairi’ ni uteuzi bora kabisa: kughairi ni kubadili nia, na ndivyo mtu anavyofanya anapokibonyeza. ‘Pakua’ nalo, neno la chunguni na bandarini, limehamia kwenye intaneti bila kutoka jasho. Lakini ‘Inayofuata’? Ni nini hiyo inayofuata? Upatanisho wa ngeli umebaki, nomino imetoroka. ‘Endelea’ lingetosha. Katika simu za Android nimekumbana na ‘sanidua’ kwa maana ya kuondoa programu. Kimofolojia halina kosa: funga huzaa fungua, kunja huzaa kunjua, basi sanidi imezaa sanidua. Ila kitufe cha kuingizia programu husema ‘sakinisha’. Umefunga kwa kamba, unafungulia kwa ufunguo. ‘Ondoa’ lilikosa nini?

Watafsiri walikuwa na mahali pa kuanzia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, isiyodai namba ya leseni. Mwaka huo huo Microsoft ikatangaza kwamba Office yake ingekuja kwa Kiswahili. Istilahi tulizipata. Tulichokosa ni mtu wa kuketi na mtumiaji wa kawaida na kumuuliza, ‘Hapa umeelewa nini?’ Ndiyo maana tafsiri ya neno kwa neno hutuletea ‘ufunguo wa bidhaa’, nami nashuku wengi hapo hufikiria kufuli la duka. ‘Namba ya leseni’ ingeeleweka papo hapo.

Kubwa zaidi ni kitufe cha ‘Nakubali’. Katika programu nyingi ninazozijua, kitufe ni cha Kiswahili na mkataba ulio juu yake ni wa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kama lugha rasmi, na cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi kikamilifu alichonunua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka ridhaa iwe ya hiari, mahususi na itolewe na mtu anayejua anachoridhia. Sidai kurasa arubaini zitafsiriwe. Naomba sentensi nne juu ya kitufe hicho: programu hii ni ya nani, inaruhusiwa katika mashine ngapi, malipo ni ya mara moja au ya kila mwaka, na ni habari zako zipi zinazotumwa kwa mtengenezaji. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa isimu anaweza kuziandika kwa alasiri moja, akipewa mwanasheria wa kumsahihisha.