Mwanamuke wa bakuli na yale tunayoyaficha juu ya uzazi

Katika vitabu vya sanaa ya nchi yetu kuna picha moja ambayo haikosi. Ni mwanamuke wa muti, ameketi chini, anashika bakuli kubwa mbele yake kwa mikono miwili. Uso wake ni murefu, mifupa ya mashavu inatokea inje, macho yanakaribia kufungwa. Sanamu yenyewe iko mbali na sisi, ku museo ya Tervuren, kule Ubelgiji. Hapa Kambove tunaijua kwa picha tu, tena picha ya fotokopi yenye imekwisha kuwa nyeusi. Hata hivyo tunataka kuizungumuzia katika kitabu hiki, kwa sababu tunaona kwamba hakuna kazi ya mikono ya wazee wetu inayosema ukweli juu ya mwanamuke aliyezala kupita ile. Na ule ukweli, sisi wa leo tunauficha.

Tueleze kwanza ni kitu gani. Sanamu za namna hii Waluba wanaziita mboko, ni kusema kibuyu. Hii tunayosema ilichongwa katika karne ya 19. Mubelgiji mumoja, Frans Olbrechts, aliona kwamba sanamu kadhaa zina uso mumoja, na kwa kuwa mbili kati yake zilitoka ku kijiji cha Buli, muchongaji akaitwa Maître de Buli. Kisha watafiti wakafika wenyewe ku vijiji na kuuliza, wakapewa jina la Ngongo ya Chintu, mutu wa Kateba, ku Wahemba. Tunafurahi kwamba muzee huyo alirudishiwa jina, maana wachongaji wetu wengi hawakupata ile bahati.

Sasa, ule mwanamuke anafanya nini na bakuli? Hapo ndipo maneno yanaanza. Katika maandishi ya zamani ya wazungu anaitwa mwombaji. Walisema hivi: mwanamuke akikaribia kuzala, sanamu inawekwa mbele ya nyumba yake, na kila mupita njia anatia kitu ndani ya bakuli, kusudi mama apate chakula siku ambazo hawezi kwenda ku shamba. Baadaye wenye kusoma mambo ya Waluba kwa uangalifu, zaidi sana Mary Nooter Roberts na Allen Roberts katika kitabu chao Memory cha 1996, walionyesha kwamba mboko ilikuwa kwanza chombo cha waganga wa kutabiri. Ndani yake kulikuwa pemba, ule udongo mweupe wa baraka na wa kuponya. Na mwanamuke ni nyumba ya roho, maana Waluba wanasema ni mwili wa mwanamuke tu wenye nguvu ya kubeba roho ya mufalme.

Sisi tunakubali kwamba maelezo ya pili yana mizizi zaidi. Lakini ya kwanza hatutaki kuyatupa. Hata kama wazungu walisikia vibaya, kuna kitu walikisikia: kwamba kuna siku ambazo mama hana nguvu hata ya kufungua mudomo aseme nisaidieni, na kwamba ni vizuri mwingine aombe mu nafasi yake. Muti unaomba, mama anapumuzika. Na wale waliokwenda kwa mutabiri, si wengi walikwenda juu ya mimba isiyokuja, juu ya mutoto aliyekufa, juu ya uzazi mugumu? Njia ni mbili lakini zinafika ku mulango mumoja.

Mwaka uliopita tulionyesha ile picha kwa wanafunzi wetu wa mwaka wa tano wa sekondari. Vijana wanaume walicheka, wakasema: «Ni mama muzee, anaomba feza.» Binti mumoja aliyekaa nyuma akasema: «Hapana, Madame. Ule mama anazala sasa hivi tu, na bote banaenda kuona mutoto, banamuacha yeye peke.» Darasa likanyamaza. Tangu siku ile hatuoni tena ile sanamu namna tulivyoiona zamani.

Maana angalieni vizuri: mutoto hayupo. Ku kanisa, ku kalendari, ku picha za ukuta, kila mara tunaona mama na mutoto, na macho yetu yanakimbilia mutoto. Ngongo ya Chintu ameweka bakuli mahali mutoto angekaa, na bakuli ni tupu. Kwa hiyo hatuna namna ingine, tunalazimika kumutazama mama. Na mama hacheki. Mikono yake ni mikubwa kupita kipimo, mikono ya mutu aliyefanya kazi mingi. Uso umechoka. Kasoro moja tunaiona, tuiseme: nywele. Zimesukwa vizuri ajabu, kila mustari mahali pake. Sisi tunaoandika hapa tumezala mara tatu, na tunawahakikishia kwamba siku ile kichwa hakifanani hivyo!

Lakini uso, ndiyo. Ule uso tunaujua.

Hapa kwetu, mama akizala, mutaa wote unakuja. «Tunakuya kuona mutoto.» Ni desturi nzuri na hatuiombei kufa. Lakini tuichunguze. Wageni wanaleta poda, sabuni ya mutoto, kikofia cha mutoto. Wanauliza kilo ngapi, anafanana na nani. Kwa mama wanasema neno moja tu: «Uko muzuri?» Na jibu limekwisha kutayarishwa tangu zamani: «Niko muzuri, tunashukuru Mungu.» Kisha mama, ambaye hawezi kukaa vizuri ku kiti juu ya nyuzi alizoshonwa, anasimama kuwatafutia wageni sukre ya kunywa. Tumeona hivyo, tumefanya hivyo.

Mambo asiyosema ni mingi. Kwamba kisha mutoto kutoka, mwili wote unaweza kutetemeka kama mutu wa malaria. Kwamba mutoto akinyonya, tumbo linauma tena, kwa sababu kunyonya kunafanya kizazi kijikaze kirudi mahali pake, na kwa mutoto wa pili ao wa tatu maumivu yanazidi. Kwamba maziwa yenyewe yanakawia siku mbili tatu, na yale machache ya kwanza, ya rangi ya manjano, kuna nyanya ambao bado wanasema yamwagwe, na kumbe ndiyo dawa ya kwanza ya mutoto. Kwamba damu inaweza kuendelea hata majuma sita. Nani alituambia? Tulisoma, tukapata diploma, tukafundisha watoto wa wengine, na ile siku ya kwanza tulifikiri tunakufa.

Na machozi. Siku ya tatu ao ya ine mama analia pasipo sababu, mutoto muzima amelala pembeni. Kwa wengi inapita ndani ya majuma mawili. Kwa wengine haipiti, inakuwa ugonjwa kabisa, wenye kuhitaji munganga. Lakini nani atasema? Akisema «sina furaha», mama mukwe atasikia «hapendi mutoto», na majirani watatafuta muloji ndani ya nyumba.

Kunyamaza kunaweza kuua. Jirani yetu mumoja alijibu «niko muzuri» siku mbili nzima, na kumbe vitambaa alivyojifunga vilikuwa vinaloa damu kabla ya saa kupita. Aliona haya kusema mbele ya wageni, na wageni hawakukosa. Ni nkambo wake aliyeona ginsi alivyoshika ukuta akitaka kusimama. Akafukuza watu, akafunua kikwembe, akaita pikipiki, wakamukimbiza Likasi. Alipona. Ule nkambo hajui kusoma, lakini alitazama mama mbele ya mutoto.

Turudie kwa bakuli, maana lina historia yake hapa ku migodi. Tangu miaka ya 1920 Union Minière iliamua kwamba mufanyakazi aishi ku kambi na muke na watoto, kuliko kuleta wanaume kila mara na kuwarudisha. Munganga Léopold Mottoulle, mumoja wa wakubwa wa ile siasa, aliiandikia kitabu mu 1946. Wanamuke wakaitwa kuzalia ku maternite ya kampuni, watoto wakapimwa ku mizani, wakapewa chakula, posho ikahesabiwa kufatana na watu wa nyumba. Wazee wetu wanaisifu hata leo, na hawasemi uongo: bakuli lilijazwa, na watoto wengi walipona. Lakini mizani ilikuwa ya mutoto, mufanyakazi wa kesho. Mizani ya kupima uchovu wa mama haikuwako. Na mazoea ya zamani, ya mama kunyonyesha murefu na bwana kungojea mbali mupaka mutoto apate nguvu, yalianza kuonekana kama kizuizi, maana yanachelewesha mimba ingine.

Kisha Gécamines ikarizi ile kazi, kisha Gécamines yenyewe ikaanguka. Mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile mupango ya «départs volontaires», na posho ikawa hadisi. Bakuli likabaki tupu mikononi mwa mama, na hakuna tena mutu wa kuombea mu nafasi yake.

Tunasema tunalolijua. Tulipozala mutoto wetu wa pili, mushahara wa mwalimu ulikuwa haujatoka myezi kadhaa. Ku maternite walikataa kutuacha tutoke mbele ya kulipa. Siku tano tulilala pale na mutoto, kitanda kikapewa mwingine, sisi ku benchi. Watu wa familia tuliwaambia kwamba munganga anatuangalia bado. Tuliona haya kusema kwamba tumefungwa kwa deni la kuzala. Wamama wa likelemba yetu walipopata habari, hawakuuliza kitu. Walipitisha basani, kila mutu akatia alichokuwa nacho, wakaja kutukomboa. Mu 2023 serikali ilianzisha ku Kinshasa mupango wa kuzala pasipo kulipa. Tunaupongeza, na tunajua wamama wa hapa ambao wangefurahi kuukuta ku mulango wao.

Ile basani ya plastiki ya rangi ya bluu, ndiyo mboko tuliyoona kwa macho yetu.

Wengine watasema kwamba wazee pia walificha, kwamba uzazi ulikuwa siri ya wanamuke. Si kweli yote. Wakati wa mapasa, kila mutu wa Katanga anajua nyimbo gani zinaimbwa. Maneno ambayo siku zingine yangeleta kesi yanaimbwa mbele ya baba mukwe na mama mukwe: viungo vinatajwa kwa majina, baba anatukanwa, mama anatukanwa, watu wanacheza. Leo wengi wanaona zile nyimbo ni uchafu, na ku sikukuu za mapasa wanaweka muziki wa redio. Sisi tunaona wanakosea. Ile ilikuwa nafasi moja ambapo mutaa ulikubali kwa sauti kubwa kwamba mutoto hatoki mbinguni, anatoka ndani ya mwili wa mutu, na kwa nguvu. Ni kweli nyimbo zenyewe zinachekesha tu, haziulizi mama anaumwa wapi. Lakini zinafungua mudomo, na mudomo ukifunguka mara moja hauko mbali na kusema mengine.

Tulipendekeza kwa komite ya chama chetu wachongaji wa Likasi watufanyie mufano wa ule mwanamuke wa bakuli, tuuweke ku mulango wa sale siku za mikutano ya wamama, na yeyote mwenye kuingia atie kitu kwa ajili ya mama aliyezala mwezi ule. Walitujibu kwamba sanamu ya mama muzee kifua wazi haifai mbele ya wageni wa heshima, na wakauliza kama haiwezekani achongwe akiwa amevaa, na amebeba mutoto. Tulikataa. Habari iko bado ku komite. Kwa sasa tunatumia basani.