Ufundi wa Kulinda Protini za Ubongo

Protini za ubongo huanza kuharibika mara damu inapoacha kuzunguka. Ubongo hauna akiba kubwa ya nishati. Huishi kwa oksijeni na sukari zinazoletwa na damu bila kukoma. Zikikatika, pampu zilizo katika utando wa seli husimama ndani ya dakika chache, na kalisi iliyokuwa nje humiminika ndani. Katika seli hai ya neva, kalisi iliyo huru ndani ni pungufu mara elfu kumi hivi kuliko ya nje. Seli huitumia tofauti hiyo kupelekeana ishara. Baada ya kifo, tofauti hiyohiyo huamsha vimeng'enya vinavyokata protini, yaani proteasi, ambavyo muda wote vilikuwa vimelala au vimefungiwa.

Mwanabiokemia anayetaka kutenga protini moja ya mfumo wa neva huingia kazini vita hii ikiwa imekwisha kuanza. Protini anayoitafuta imechanganyika na maelfu ya nyingine, na kuipata tu hakutoshi. Lazima aipate ikiwa nzima, imekunjika inavyopaswa, na ingali na uwezo wa kufanya kazi yake. Kikulacho ki nguoni mwako: bakteria hawajapata nafasi ya kuingia, na tayari tishu inajila yenyewe. Ndiyo maana katika ufundi huu kutenga ni kazi ya pili. Ya kwanza ni kulinda.

Maadui wenyewe wanajulikana, na kila kundi lina tabia yake. Mwaka 1964 Gordon Guroff alieleza kimeng'enya cha ubongo wa panya kinachokata protini pale tu kinapopata kalisi. Vimeng'enya vya aina hiyo siku hizi huitwa kalpaini, na ndivyo vinavyozivamia kwanza nyuzi zinazoipa seli ya neva umbo lake. Kundi la pili ni kathepsini, zinazokaa ndani ya lisosomu, vifuko ambavyo Christian de Duve wa Ubelgiji alivipa jina mwaka 1955. Nyingi kati yake hupenda mazingira ya asidi, na maadamu vifuko ni vizima hazina madhara. Kundi la tatu ni proteasi zinazotumia asidi amino iitwayo serini kama ukingo wa kisu chao. Baadhi huja pamoja na damu iliyobaki katika mishipa. Lipo pia kundi linalohitaji madini, hasa zinki. Hakuna dawa moja inayoyazuia yote, na fundi asiyejua protini yake huliwa na nani hujikuta analinda mlango usio na mwizi.

Ulinzi huanza na uchaguzi wa chanzo. Samaki aina ya Torpedo, mwenye kiungo cha kutoa umeme, ana vipokezi vya asetilikolini kwa wingi usiopatikana katika msuli wowote wa kawaida, na ni miongoni mwa samaki waliowezesha kipokezi hicho kutengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ngisi ana aksoni nene kiasi kwamba ute wake wa ndani unaweza kukamuliwa. Kwa kazi zinazohitaji protini nyingi, chanzo ni machinjio: ubongo wa ng'ombe au wa nguruwe, uliotolewa muda mfupi baada ya mnyama kuchinjwa na kuzikwa papo hapo katika barafu. Ubongo uliokaa saa kadhaa kwenye meza yenye joto hauokolewi na kemikali yoyote itakayoongezwa baadaye.

Baridi ni mlinzi wa kwanza, na bei yake ni ndogo. Kwenye nyuzi joto 4 vimeng'enya havifi, lakini mwendo wao hupungua sana, na kila dakika ya kazi huwa na madhara machache. Vyombo, vimiminika na hata vichwa vya mashine za kuzungushia hupozwa kabla ubongo haujafika. Kisha utando unaoufunika ubongo huchunwa na mabonge ya damu huondolewa kwa mkono. Hatua hii haina fahari yoyote, na anayeanza huiona kama ya kupoteza wakati. Fundi mzoefu huifanya kwa haraka isiyo na papara, kwa sababu damu anayoiacha leo ataikuta kesho ikiwa doa katika matokeo yake.

Tishu iliyosafishwa husagwa katika kinu cha kioo chenye mchi wa tefloni, ambao nafasi kati yake na ukuta wa kinu ni sehemu ndogo tu ya milimita. Mchi unapopanda na kushuka, seli hupasuka kwa kupita mahali pembamba. Mkono ukikazana kupita kiasi, lisosomu nazo hupasuka na kathepsini humwagika. Ukilegea, seli hubaki nzima na protini hazitoki. Povu nalo ni hatari, kwa kuwa protini zinazofika pale hewa inapokutana na maji hukunjuka na kupoteza umbo. Kiasi kinachofaa hakisomeki kwenye kipimo chochote. Hujulikana kwa uzito unaosikika kiganjani.

Kimiminika cha kusagia hutayarishwa kulingana na maadui waliotajwa. Asidi yake hushikiliwa mahali pamoja, ili kathepsini zisipate mazingira zinayoyapenda. Kemikali ya EGTA huongezwa ili kuinasa kalisi. Iko nyingine, EDTA, inayonasa kalisi na magnesi pamoja, na kwa protini zinazohitaji magnesi upungufu huo wa uchaguzi ni hasara. EGTA huishika kalisi kwa nguvu na kuiachia magnesi kazi yake. Dhidi ya proteasi za serini hutumika PMSF, ambayo ni sumu, huyeyushwa katika alkoholi, na ikiingia majini huanza kuvunjika: kwenye pH ya 7.5 na joto la chumbani, nusu yake hupotea katika muda wa saa moja hivi. Huongezwa basi dakika ya mwisho, na katika kazi ndefu hurudiwa. Leupeptini na pepstatini, zilizogunduliwa na kikundi cha Hamao Umezawa huko Tokyo, hutolewa na bakteria wa jamii ya Streptomyces. Leupeptini huzuia kalpaini na baadhi ya proteasi za serini, na pepstatini huizuia kathepsini D. Aprotinini hupatikana katika mapafu ya ng'ombe, hivyo kiungo kimoja cha mnyama humlinda mwenzake.

Ulinzi huu una migongano yake. Protini nyingi za neva zina viungo vya salfa vinavyoharibiwa na oksijeni, na ili kuvihifadhi huongezwa kemikali kama DTT. Lakini kalpaini nayo hukata kwa kutumia salfa, na DTT huiweka katika hali nzuri ya kazi. Anayeongeza DTT huku amesahau EGTA amemnolea adui kisu. Mapishi ya maabara yanayoonekana kama orodha kavu ya viungo kwa kweli ni maafikiano ya namna hii, na asiyejua sababu ya kila kiungo hawezi kubadilisha kimoja bila kuharibu kingine.

Uzuri wa ufundi huu huonekana waziwazi katika kutenga tubulini. Hii ni protini inayojipanga kuwa mikrotubuli, vijibomba vyenye upana wa nanomita 25 hivi ambavyo ndivyo njia za usafirishaji ndani ya aksoni. Mwaka 1967 Gary Borisy na Edwin Taylor walionyesha kwamba kolchisini, dawa ya kale ya jongo, hushikamana na protini moja iliyomo kwa wingi katika ubongo. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyeweza kuifanya protini hiyo ijenge mikrotubuli nje ya seli. Mwaka 1972 Richard Weisenberg alieleza siri yake: kalisi iondolewe kwa EGTA, magnesi na GTP viwepo, na joto lipandishwe. Mwaka uliofuata Michael Shelanski na wenzake waliugeuza ugunduzi huo kuwa njia ya kusafishia.

Njia yenyewe hutumia tabia ya protini kuitofautisha na jirani zake. Ubongo uliosagwa huzungushwa kwa kasi katika baridi, na vipande vizito vikatuama. Maji ya juu huongezewa GTP na gliseroli, kisha hupashwa hadi nyuzi 37. Katika nusu saa tubulini hujipanga, na kimiminika chembamba huwa kizito. Huzungushwa tena, safari hii katika joto: mikrotubuli hutuama na protini zisizojua kujipanga hubaki juu na kumwagwa. Mashapo huwekwa katika baridi, mikrotubuli hufumuka, na kilichokataa kufumuka hutupwa baada ya mzunguko wa tatu. Duru hii ikirudiwa, tubulini huzidi kuwa safi. Inayopita kila mtihani ni ile tu ambayo bado inaweza kujenga na kubomoka, hivyo molekuli zilizokwisha kuharibika huachwa njiani. Hapa kusafisha na kulinda vimekuwa kitendo kimoja.

Pamoja na tubulini huja protini zinazoandamana nayo. Mwaka 1975, katika maabara ya Marc Kirschner, mojawapo ilitambuliwa na kuitwa tau. Nyingi za jamii hii hukatwa kwa urahisi mno na proteasi, kwa sababu sehemu kubwa ya urefu wao haikukunjika na imekaa wazi. Udhaifu huo huo una faida yake: tau haina umbo la kupoteza, hivyo huvumilia kuchemshwa. Mchanganyiko ukichemshwa, protini nyingi huganda, proteasi zikiwemo, na tau hubaki imeyeyuka. Moto, ambao mahali pengine ni janga, hapa huwa ngao.

Tau ilifundisha pia kwamba uharibifu si lazima uwe wa kukatwa. Protini za neva hubeba vikundi vya fosfati vinavyobadilisha kazi yake, na vimeng'enya vingine huvibandua bila kugusa mnyororo wenyewe. Katika ugonjwa wa Alzheimer tau huwa na fosfati nyingi, na ilidhaniwa kwamba baadhi ya fosfati hizo hazipatikani kabisa katika ubongo wenye afya. Mwaka 1994 watafiti wa Philadelphia walipima tishu iliyotolewa kwa upasuaji kwa watu walio hai, wakazikuta fosfati nyingi za aina hiyo. Katika maiti zilikuwa zimebanduka kabla ya kupimwa. Tangu hapo vizuizi vya vimeng'enya hivyo, kama floridi ya sodiamu, vimekuwa sehemu ya ulinzi wa lazima.

Neurofilamenti zinadai mbinu tofauti kabisa. Ni nyuzi zenye upana wa nanomita 10 hivi zinazojaza aksoni nene, nazo haziyeyuki katika kimiminika cha kawaida. Njia moja ya kuzipata hutumia mafuta ya ala ya mielini: aksoni zilizovishwa mafuta hayo huelea juu ya maji mazito ya sukari huku vitu vingine vikizama. Zikishavuliwa mafuta kwa sabuni, nyuzi huyeyushwa kwa urea na vijenzi vyake hutenganishwa. Vijenzi vikuu ni vitatu, vyenye ukubwa wa takriban kilodaltoni 68, 160 na 200 kama vinavyoonekana kwenye jeli. Viwili vikubwa vina mikia mirefu inayochomoza nje, na hapo ndipo kalpaini hupenda kuanzia.

Historia ya neurofilamenti ina onyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyuzi zilizotengwa kutoka ubongoni zilionyesha protini yenye kilodaltoni 50 hivi, ikadhaniwa kuwa ndiyo kijenzi cha neurofilamenti. Baadaye ilibainika kuwa kwa sehemu kubwa ni GFAP, protini ya seli za astrosaiti, ambayo Lawrence Eng alikuwa ameitenga kutoka katika tishu za ubongo zenye makovu ya ugonjwa. Uti wa mgongo na neva za pembeni ndivyo vilivyoonyesha vijenzi vitatu vya kweli. Protini safi ya chanzo kisichofahamika vizuri inaweza kupotosha kuliko iliyo chafu.

Kwa sababu hiyo fundi haamini macho yake mpaka jeli iseme. Kwa njia iliyoelezwa na Ulrich Laemmli mwaka 1970, protini hukunjuliwa kwa SDS na kusukumwa na umeme kupitia jeli, ndogo zikitangulia na kubwa zikibaki nyuma. Protini nzima huacha mstari mmoja mkali. Iliyoliwa huacha ngazi ya mistari chini yake, na mpangilio wa ngazi hiyo mara nyingi humtaja mkosaji. Sampuli huchukuliwa kila hatua, tangu kinuni, ili ijulikane hasara ilitokea wapi. Baada ya jeli hufuata jaribio la kazi: tubulini ijenge, kipokezi kishike asetilikolini. Mstari mkali usio na uhai ndani yake si ushindi.

Iko protini moja ya ubongo iliyopindua sheria hizi. Stanley Prusiner, alipotafuta chanzo cha ugonjwa wa skrepi katika ubongo wa hamsta, aliongeza proteasi kwa makusudi. Protini za kawaida ziliyeyuka, na iliyobaki ni ile iliyohusika na ugonjwa, ambayo proteasi iliweza kuipunguza ncha moja tu. Mwaka 1982 aliiita prioni, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobeli. Aliyejua kwa undani namna protini zinavyoharibiwa aliweza kuutumia uharibifu wenyewe kama kichujio.

Hatua ya mwisho ni kuhifadhi. Protini hugawanywa katika vijisehemu vidogo vya matumizi ya mara moja, huzamishwa katika naitrojeni kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha hutunzwa kwenye baridi kali. Kugandisha polepole huruhusu chembe za barafu kukua na kuzibana protini, na kuyeyusha kisha kugandisha tena huzivunja zaidi. Kila kichupa huandikwa tarehe, kiasi na idadi ya duru zilizopitiwa. Siku ya kutumiwa, tubulini huyeyushwa upesi, hupelekwa kwenye barafu, na huzungushwa ili kuondoa iliyogandamana. Ikipashwa hadi nyuzi 37 na ikajenga mikrotubuli, kazi yote iliyoanzia machinjioni imethibitika kuwa ilifanywa sawasawa.