Nafsi ya Wimbo na Nafsi ya Kitabu: Tawasifu ya Mwanamuziki na Matarajio ya Wasomaji wa Kampala

Ikisiri

Makala hii inahakiki nafasi ya tawasifu ya mwanamuziki katika mazingira ya Kampala, ambako mashabiki huingojea kwa hamu huku wakipendekezeana vitabu vingine vya muziki. Kwa kuongozwa na dhana ya mkataba wa kitawasifu ya Philippe Lejeune na ile ya upeo wa matarajio ya Hans Robert Jauss, makala inachunguza mifano ya Philly Bongoley Lutaaya na Geoffrey Oryema, na kuilinganisha na wasifu wa Siti binti Saad. Hoja ya msingi ni kwamba shabiki hangojei kitabu kwa ajili ya habari, kwani nyingi anazo tayari. Anangoja kauli ya mwenye maisha ambayo yeye, shabiki, ataweza kuipima kwa kumbukumbu zake. Kitabu kinapoandikwa kwa lugha asiyoisoma kwa wepesi, fursa hiyo ya kupima humtoka. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera ya lugha na uchapishaji.

1.0 Utangulizi

Tawasifu mashuhuri za Uganda kwa sehemu kubwa ni za watawala. Kabaka Mutesa II alichapisha *Desecration of My Kingdom* mwaka 1967 akiwa uhamishoni London. Yoweri Museveni alitoa *Sowing the Mustard Seed* mwaka 1997, na Janet Museveni akafuata na *My Life's Journey* mwaka 2011. Vitabu hivi vinatofautiana kwa msimamo, lakini vinafanana kwa mambo mawili: vyote viliandikwa kwa Kiingereza, na vyote vinachukulia kwamba maisha ya mtu yanastahili kitabu pale yanapogusa dola.

Mwanamuziki amesimuliwa kwingine. Maisha yake yamo katika vipindi vya redio, kanda, mazungumzo ya jukwaani na filamu. Robert Kyagulanyi, ajulikanaye kama Bobi Wine, aliingia bungeni mwaka 2017 na kugombea urais mwaka 2021. Simulizi ya safari hiyo iliyofika mbali zaidi ni ya kamera: filamu *Bobi Wine: The People's President* ya Moses Bwayo na Christopher Sharp, iliyooneshwa Venice mwaka 2022 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2024. Mkazi wa Kamwokya, mtaa ambao msanii huyo aliufanya kuwa sehemu ya jina lake, aliyajua mengi ya hayo kabla ya kamera kuwashwa. Swali basi ni hili: mtu anayejua mengi kiasi hicho kuhusu mwimbaji wake hungoja nini katika kitabu?

2.0 Mwega wa Uhakiki

Lejeune (1975) anaieleza tawasifu kuwa ni mkataba. Jina lililo juu ya jalada, sauti inayosimulia na mhusika mkuu wa masimulizi ni mtu mmoja, na mwandishi anajifunga mbele ya msomaji kwamba ndivyo ilivyo. Tawasifu kwa hiyo haitofautiani na riwaya kwa mtindo, bali kwa ahadi. Jauss, kwa upande wake, anatukumbusha kwamba msomaji haji mikono mitupu. Huja na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kuzipokea.

Dhana hizi mbili zinafaa kutumiwa pamoja. Mkataba wa Lejeune unatazama zaidi upande wa mwandishi na jalada lake. Kwa mwanamuziki, upande wa pili una uzito usio wa kawaida, kwa sababu msomaji wa tawasifu yake alikuwa msikilizaji kwa miaka mingi. Alikwisha kutia sahihi mkataba mwingine: ule wa wimbo.

3.0 Vitabu Vinavyopendekezwa Wakati wa Kungoja

Wapenzi wa muziki wanapokingoja kitabu ambacho hakijatoka, huambiana wasome nini kwa sasa. Mapendekezo hayo yanastahili kuhakikiwa kwa sababu yanaonesha rafu ilivyojaa na ilivyo na mapengo.

Kuhusu Uganda, vitabu vizito ni vya wataalamu. Joseph Kyagambiddwa, mtunzi wa muziki, alichapisha *African Music from the Source of the Nile* mwaka 1955. Sylvia Nannyonga-Tamusuza wa Chuo Kikuu cha Makerere alichambua ngoma ya baakisimba na masuala ya jinsia katika kitabu chake cha mwaka 2005. Gregory Barz, katika *Singing for Life* (2006), aliandika kuhusu muziki na UKIMWI nchini humo. Hizi ni kazi za thamani kubwa, ila hakuna kati yake ambamo mwimbaji anasema "mimi" kwa kurasa mia mbili.

Anayeitafuta nafsi ya kwanza huelekezwa kusini na ng'ambo: *Makeba: My Story* (1988), *Still Grazing* ya Hugh Masekela (2004), *Life* ya Keith Richards (2010), *Born to Run* ya Bruce Springsteen (2016). Hapa pana jambo ambalo shabiki hulipita haraka. Makeba aliandika pamoja na James Hall, Masekela pamoja na D. Michael Cheers, na Richards pamoja na James Fox. Nafsi ya kwanza ya vitabu hivyo ilipitia mkono wa pili. Mkono huo haufanyi kitabu kuwa cha uongo, lakini unamtaka msomaji auone.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wake wa kale zaidi. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, ambaye tangu mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay na kusambazwa kwa santuri. Katika wasifu huo Siti ni kielelezo cha bidii na maadili: mwanamke wa hali ya chini aliyeinuliwa na kipaji chake. Laura Fair, katika *Pastimes and Politics* (2001), alizirudia nyimbo zake na kumbukumbu za wasikilizaji wa mjini Unguja, akamwona Siti mwingine, anayesema juu ya mahakama, tabaka na dhuluma. Wote wawili hawakubuni. Kila mmoja aliuliza swali lake. Siti mwenyewe hakuacha kitabu cha kuwajibu, na ndiyo maana nyimbo zimebaki kuwa shahidi wake wa karibu zaidi.

Pengo kama hilo lipo hata kwa mwimbaji wa roki aliye mashuhuri kuliko wote waliozaliwa Unguja. Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, alifariki mwaka 1991 bila kuandika tawasifu. Tangu hapo wengine wameandika na kuigiza maisha yake kwa niaba yake, na utoto wake wa Unguja mara nyingi hupewa nafasi finyu.

4.0 Nafsi ya Wimbo: Kadongo Kamu

Upeo wa matarajio wa msikilizaji wa Kampala umejengwa, pamoja na mambo mengine, na kadongo kamu, utanzu wa Kiganda ambao jina lake humaanisha takriban "kigitaa kimoja tu". Ni nyimbo ndefu za kisa, zenye mazungumzo, mafumbo na mafunzo. Paul Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, alikuwa miongoni mwa mabingwa wake.

Katika utanzu huu mwimbaji husema "mimi" bila kudai kwamba ndiye yeye. Leo ni mume aliyedanganywa, kesho ni maskini mjini, keshokutwa ni mtu anayezungumza na kifo. Msikilizaji mzoefu anaujua mchezo huo na anaufurahia. Hata hivyo, baada ya wimbo huuliza: je, hili lilimpata kweli? Wimbo hauna wajibu wa kujibu. Tawasifu inao. Ndiyo sababu shabiki hukifungua kitabu akiwa na nyimbo kichwani, akitafuta ukurasa utakaomwambia ni "mimi" gani alikuwa mtu na ni "mimi" gani alikuwa mhusika.

5.0 Philly Lutaaya: Ushuhuda Uliokataliwa

Mfano unaoipima hoja hii kwa ukali zaidi ni wa Philly Bongoley Lutaaya (1951–1989). Aliishi Uswidi katika miaka ya 1980, na huko akarekodi albamu *Born in Africa* pamoja na nyimbo za Krismasi ambazo Kampala huzipiga hadi leo kila Desemba. Mwaka 1989 alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Alikuwa Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kufanya hivyo. Kisha akazunguka nchini akizungumza shuleni, makanisani na kwenye mikutano, na akatoa wimbo unaojulikana kwa jina la "Alone and Frightened".

Kwa vigezo vya Lejeune, mkataba ulikuwa umetimia. Jina lilikuwa lake, sauti ilikuwa yake, na mwili uliosimuliwa ulikuwa wake. Tofauti na kadongo kamu, "mimi" wa ushuhuda huu hakuwa mhusika. Hata hivyo, wapo waliokataa kusadiki. Walimwona mnene mno kwa mgonjwa. Wengine walisema anatafuta umaarufu au amelipwa ili aseme hayo. Wasikilizaji waliozoea kumsikia msanii akivaa nafsi za watu wengine waliupokea ukweli wake kana kwamba ni wimbo mwingine. Wengi wao walisadiki pale mwili ulipodhoofika mbele yao. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989.

Mhakiki anajifunza mambo mawili hapa. Kwanza, sahihi ya mwenye maisha haitoshi. Mkataba wa kitawasifu huhitaji jamii iliyozoea kuutambua, na jamii isiyo na mazoea hayo hudai ushahidi mkubwa kupita kiasi; kwa Lutaaya ilidai kifo. Pili, mazoea hayo yanaweza kujengwa. Mpango uliopewa jina lake baadaye uliwawezesha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI kusimama mbele ya umma na kueleza maisha yao wenyewe, na Oktoba 17 huadhimishwa kama siku ya kumkumbuka. Kile kilichotiliwa shaka kwa mtu mmoja kikawa utanzu unaotambulika: ushuhuda wa nafsi ya kwanza, wenye kanuni zake na wasikilizaji wake.

Filamu kuhusu miezi yake ya mwisho, *Born in Africa* (1990), ilitengenezwa na watayarishaji kutoka Amerika Kaskazini na kusambazwa huko kupitia televisheni. Bila filamu hiyo tungepoteza mengi. Lakini uteuzi wa kipi kibaki na kipi kikatwe haukuwa wa Lutaaya wala wa wasikilizaji wake.

6.0 Geoffrey Oryema: Tukio Moja Linapomeza Maisha

Geoffrey Oryema (1953–2018) alitoroka Uganda mwaka 1977 akiwa amefichwa katika buti la gari, baada ya baba yake, waziri Erinayo Oryema, kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Alihamia Ufaransa, na mwaka 1990 albamu yake *Exile* ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ikitayarishwa na Brian Eno. Humo aliimba kwa Kiacholi na Kiswahili.

Karibu kila andiko kumhusu huanza na buti la gari. Tukio lenyewe ni kweli na ni zito. Tatizo ni kwamba limekuwa ufunguo wa kila wimbo, hata usiohusu utoro. Msikilizaji wa Ulaya alihitaji tukio hilo ili amwelewe. Mwacholi aliyesikia jina la Anaka katika wimbo alihitaji mambo mengine: nanga, lugha, na watu waliobaki. Tawasifu ndefu humpa mwimbaji nafasi ya kulirudisha tukio kubwa mahali pake, liwe siku moja kati ya siku nyingi. Wasifu mfupi wa jalada la santuri hauwezi.

7.0 Lugha na Haki ya Kupima

Msomaji anayejua mtaa, bendi na mwaka unaosimuliwa ndiye mpimaji bora wa tawasifu. Kitabu cha Kiingereza hupimwa zaidi na wasioyashuhudia mambo yaliyosimuliwa, na huwapita wengi walioyashuhudia. Kwa mwimbaji aliyetunga kwa Kiganda au Kiacholi, hali hii ina kinaya: wimbo ulieleweka na muuza ndizi, kitabu hakimfikii.

Je, Kiswahili ni jibu? Jibu la haraka lingekuwa ndiyo, lakini halina uaminifu. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa Uganda mwaka 1973 kwa amri ya utawala wa Amin, na kwa wengi kiliendelea kunuka kambi ya jeshi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata sasa, msomaji wa kawaida wa Kampala husoma Kiganda kwa wepesi zaidi. Kumpa Kiswahili pekee ni kumbadilishia kizingiti tu.

Muziki, hata hivyo, umefanya ambalo amri haikulifanya. Jose Chameleone, aliyeanza kujulikana akiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliimba "Mama Mia" na "Jamila" kwa Kiswahili kilichopendwa Kampala kama kilivyopendwa Dar es Salaam. Hakuna aliyelazimishwa kukijifunza. Kiswahili cha wimbo kimekwisha kupata wasikilizaji wa hiari. Kinachokosekana ni maandishi ya kuwageuza wasikilizaji hao kuwa wasomaji. Tawasifu ya mwanamuziki inafaa kwa kazi hiyo kuliko vitabu vingi vya kiada, maana msomaji huja akiwa na shauku tayari.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kwamba kungojea tawasifu ya mwimbaji ni kungojea haki ya kumhoji. Lutaaya anaonesha gharama ya jamii isiyoutambua ukweli wa nafsi ya kwanza. Oryema anaonesha maisha yanavyofupishwa na wasimulizi wa mbali. Siti anaonesha kinachotokea mwimbaji asipoacha neno lake mwenyewe.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, vyuo vikuu na hifadhi za muziki virekodi masimulizi ya maisha ya wanamuziki wakongwe kwa lugha zao, mapema. Afrigo Band ilianzishwa mwaka 1975, na Moses Matovu, mmoja wa waanzilishi wake, ni hazina ya historia ya nusu karne ya Kampala. Elly Wamala, aliyefariki mwaka 2004, hawezi tena kuulizwa. Pili, vyombo vya Kiswahili vya kanda vigharimie uchapishaji wa jozi: lugha ya mwimbaji kwanza, Kiswahili pamoja nayo, na jina la mwandishi mwenza liwe wazi kwenye jalada. Tatu, mitaala ya Kiswahili nchini Uganda iweke tawasifu na wasifu wa wasanii kando ya riwaya, na wanafunzi wafundishwe kuuliza nani anasema, nani ameandika, na nani aliyekuwepo anayeweza kukubali au kukanusha.